Nusu Niliyosahau Kuichora

Shule niliishia darasa la tatu. Kuandika kwangu ni kwa taabu, lakini mkono unajua kuchora, na kichwa changu hufuata mkono. Hapa Makunduchi nawachorea wanawake kofia: mimi napiga maua kwa penseli kwenye kitambaa, wao wanashona. Maua hayachorwi yote. Nachora nusu, nakunja kitambaa, nasugua, upande wa pili unajitoa.

Mambo yangu pia nayachora. Yakinitatiza nachukua kipande cha mkaa, nachora kwenye sakafu ya ua. Nikishaelewa, namwaga maji.

Nilipotoka eda ya mume wangu, mwanangu anayekaa mjini, ghorofani Michenzani, alitaka nihamie kwake. Akanipa mpaka Ijumaa nimjibu.

Alhamisi, nshasali alasiri, nkachora. Kulia nyumba yake: ngazi, ukumbi, dirisha. Nkajiweka dirishani, maana sikuona pengine pa kujiweka. Kushoto nyumba yangu: nkajikuta niko kisimani, niko jikoni, niko penye kuku, niko mkekani na wenzangu wa kofia. Jibu nkalipata. Sikufuta, nilitaka alione.

Akaja baada ya sala ya Ijumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikanyage hapo."

Nkamweleza kila mstari.

"Huyu mwenye kichwa kama bilingani ndiye wewe?"

"Ndiye aliyekuzaa. Siendi."

Akainama kuutazama mchoro. Halafu akasema, "Mama, silali. Nnawaza, ukianguka kisimani nani atajua? Na mimi mbona sipo hapa?"

Nkatazama. Kweli hakuwapo, kulia wala kushoto. Na mimi ndiye ninayewagombeza wanaojifunza kwangu kwa kuchora nusu na kusahau kukunja!

Nkampa mkaa. "Jichore."

"Sijui kuchora."

"Nani kakuuliza kama unajua?"

Akachuchumaa na kanzu yake nyeupe. Akajichora mlangoni, kapu mkononi, mkewe nyuma yake, na kitanda kwenye chumba cha uani.

"Kila Alhamisi tunakuja, tunalala. Ukiumwa unakuja kwetu mpaka upone. Na maji ya kisimani atakutekea jirani, ntazungumza naye. Hapo hubishi."

"Kisima nakiacha. Kuku siwaachi."

"Nani kawataja kuku?"

Tukacheka. Pindo la kanzu lilijaa mkaa, nkamfokea, nkamfulia.

Sakafu sikuiosha wiki nzima. Alhamisi iliyofuata wakaingia, yeye na mkewe, kapu mkononi kama alivyojichora. Ndipo nkamwaga maji.