Anwani Yetu ya Bure

Mtu akiniuliza leo kama tovuti ndogo inafaidika kwa kuwapa watu barua pepe ya bure, hasira hunipanda kabla hajamaliza kuuliza. Haifaidiki. Nilikuwa nayo moja mjini Kisii, najua ninachosema.

Ilikuwa tovuti ya matangazo ya vifo. Kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Ukoo wote huitwa, na walio ng'ambo ndio wanaosubiriwa. WhatsApp ilikuwa bado haijaingia kila simu. Mimi na mwenzangu tulikodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, tukawa tunaandika nani amefariki, huko Keumbu au Ikonge, na atazikwa lini. Watu walisoma, lakini walikuja siku za msiba tu, kisha wakapotea.

"Tuwape barua pepe ya bure," mwenzangu akasema. "Watu wanapenda vitu ya bure, bwana. Wakikuja kusoma barua zao kila asubuhi, si wataona matangazo?"

Walikuja, kweli. Walikwenda moja kwa moja kwenye barua zao na kutoka, matangazo hata hawakuyatupia jicho. Kilichoniudhi zaidi ni namna walivyojisajili. Boma zima lilifungua anwani moja, ya mzee, wanawe, wakaza wana na wajukuu, na neno la siri likajulikana hata na mkwe aliyepita kunywa chai. Niliwakanya mpaka koo likanikauka. Mzee mmoja alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nifiche ndugu zangu nini? Mtu anaficha ni yule ako na mambo mbaya."

Kwetu kuficha neno la siri nyumbani ni kama kula umejifungia mlango.

Basi matapeli wakapata pa kuingilia. Ilitosha mtu mmoja kumtajia rafiki wa rafiki neno hilo la siri. Anwani za wazee wa kanisa zikaanza kusambaza habari za bahati nasibu kwa watu wasiowajua kabisa. Kampuni kubwa za barua pepe hazikuwa na haja ya kuchambua nani mzee wa kanisa na nani mwizi. Zikatupa kwenye taka kila kilichotoka kwetu, bila kutuambia neno. Malalamiko ya waliotapeliwa yalipozidi, mwenzangu akapata kazi Nairobi. Mimi nikabaki nikitukanwa peke yangu.

Tata, baba yetu, akafariki wakati huo.

Kaka yangu, kifungua mimba wetu, alikuwa Marekani. Alikuwa amekosana na tata kwa ajili ya shamba la chai, akabadilisha namba ya simu, akabakiza barua pepe tu, nayo aliniachia mimi peke yangu. Nikamwandikia siku hiyo hiyo, nikitumia anwani yangu ya tovuti yetu. Kimya. Nikaandika tena, na tena. Kila nilipoingia jikoni mama aliniuliza, "Amejibu?" Tuliahirisha mazishi. Nilipoomba tuahirishe tena, baba wadogo wakakataa.

"Huyo amekataa babake mpaka kwa kaburi," mmoja wao akasema mbele ya waombolezaji.

Hakuna aliyembishia, hata mimi. Udongo wa kwanza ni wa kifungua mimba. Niliutupa mimi, huku nikimchukia kaka yangu kwa moyo wangu wote.

Migomba tuliyoikata kupisha kaburi ilikuwa imeanza kuchipua tena ujumbe wake ulipofika. Hakutaja msiba. Alilalamika kwamba nimemnyamazia, mimi niliyemwandikia mpaka nikachoka. Ndipo nilipoelewa barua zangu zilikuwa zikienda wapi. Mwishoni alikuwa ameandika: "Mwambie tata nakuja Desemba. Shamba sitaki tena. Nataka tuongee tu."

Mama alikuwa ametoka kuchuma chai. Nikamsomea kwa sauti, maana aliuliza na sikuweza kumdanganya. Alisikiliza akiwa amesimama, kikapu bado kiko mgongoni.

"Mwandikie," akasema.

Kwa anwani ipi? Nilishuka mjini, nikajisajili kwa kampuni kubwa kama watu wengine wote, na barua yangu ya kwanza kutoka huko ilikuwa ya kumwambia kaka kwamba tata tulishamzika.