Maji ya Moto kwenye Chachu ya Bibi

Mama alikuwa mwokaji mikate, na mikate yake iliumuka kwa chachu aliyoachiwa na bibi: uji mzito wa unga uliokaa chunguni, ukilishwa unga na maji vuguvugu kila asubuhi. Bibi alipofariki, mjomba akamkabidhi mkewe duka lote la mikate la bibi. Mke huyo akambakiza Mama kuosha trei na kulisha chachu, na mbele ya wateja alimwita "yule wa trei". Mama akameza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mimi nafundisha biokemia chuoni, mwaka wa kwanza. Jioni moja nakaanga mayai, Mama akaniuliza kwa nini chachu haipewi maji ya moto. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: ndani ya kila seli ya chachu mna protini zilizokunjwa kwa namna yake, nazo ndizo zinazogeuza sukari kuwa hewa ya kuumua mkate. Joto likizidi, mikunjo hufumuka, protini zikagandamana, kama ute wa yai ulivyokuwa ukiganda pale kikaangoni.

"Ikipoa je?"

"Hairudi tena, Mama."

Akatabasamu, nami nikaelewa alichokusudia. Sikumzuia, mke wa mjomba nilimchukia hata kivuli chake. Nilimsihi tu achote kijiko kimoja akifiche nyumbani, maana ile ni chachu ya bibi.

"Nikibakiza kijiko," alisema, "ipo siku nitamhurumia nimpe."

Kesho yake akaimiminia chachu birika zima la maji yanayochemka, akakoroga, akaosha trei zake, akaja zake nyumbani. Mikate ikatoka bapa kama soli ya kiatu. Mke wa mjomba akanunua hamira ya pakiti, lakini wateja walitaka ule ukali wa chachu ya bibi, wakahama mmoja mmoja. Roho yangu ikasuuzika, na simwombi mtu radhi.

Mwishowe mke wa mjomba akaja kwetu. Alipiga magoti sebuleni, akamwita Mama "wifi" kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaomba chachu hata ya kupaka kidole. Nilingoja Mama amcheke. Badala yake akainuka, akaingia jikoni, nikamsikia akifungua makopo.

Nikamfuata, nikamnong'oneza kwamba hakuna kitu, aliiua yote mwenyewe.

"Najua," akasema, akafungua kopo jingine.