Sebule ya Kumpokea Askofu

"Siku mtakayoniona nimepiga goti tena mbele ya padri, nikamateni, mninyoe kipara kwa kisu cha mkate, na nitawapa asante!"

Baba yangu mdogo aliyasema hayo kwenye harusi ya watu, kipaza sauti mkononi, mbele ya maharusi, wazazi wa pande zote mbili, na paroko mwenyewe aliyekuwa bado anapambana na paja la kuku. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, maana aliyeapa ni kinyozi, na kinyozi akikutajia kisu cha mkate ujue amekasirika kweli. Paroko hakucheka. Mama mdogo naye hakucheka. Aliitazama sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa chini ya wali.

Mama mdogo ni mke wa baba mdogo kwa hesabu ya mtaa. Kwa hesabu ya Kanisa, ni mwanamke anayeishi naye. Hapo ndipo penye kisa chote.

Zamani baba mdogo alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne, na akiishusha ile sauti mabenchi yalikuwa yanatetema hadi watoto waliosinzia wanaamka. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Besi. Yeye na mama mdogo walianza maisha na godoro moja na jiko la mafuta ya taa, wakakubaliana kwamba kanisani wataenda mwakani. Mwakani ukafika na mimba. Mwakani mwingine ukafika na kodi ya nyumba. Mnajua jinsi mwakani ulivyo na mbio: ukiukaribia unasogea. Basi Jumapili moja, baada ya matangazo, paroko yule akasoma kwa sauti majina ya wanakwaya wanaoishi kinyumba, akasema kanisa lake halitaimbiwa na wazinzi. Jina la Besi lilitangulia. Baba mdogo akaweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi, akapita katikati ya kanisa huku viatu vyake vikilia nyiko nyiko, akatoka. Hakurudi.

Aliyerudi ni mama mdogo. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi la mwisho kabisa, na hapo ndipo akahamia. Ukifika wakati wa Komunyo, watu wanapanga mstari kwenda mbele, yeye anabaki, kwa sababu anayeishi na mtu bila ndoa ya Kanisa haendi. Na kwa kuwa kila mtu alijua haendi popote, wakaanza kumwachia mikoba. Mmoja mkoba, mwingine mwavuli, mwingine mtoto mwenye makamasi. Miaka ikapita, mama mdogo anahudhuria Misa kama kabati.

"Leo wamekujaza vingapi?" baba mdogo alikuwa anamtania akirudi.

Mwanzoni mama mdogo alicheka. Baadaye aliacha kucheka, na baba mdogo hakuona kwamba ameacha. Mtani wa kweli hasikilizi kicheko cha mwenzake, anasikiliza chake. Siku moja, wakati anamenya viazi, mama mdogo alisema bila kuinua uso, "Mimi sitaki harusi. Sitaki keki wala shela. Nataka siku moja tu, na mimi nimwachie mtu mkoba wangu."

Baba mdogo akaongeza sauti ya redio.

Sasa, Askofu. Alipoletwa kwetu, wengi tulisubiri gari refu lenye bendera. Alikuja kwa miguu kunyolewa, amevaa kandambili na shati ambalo kola yake imegeuzwa upande wa pili ili imalize maisha. Kibanda cha baba mdogo kina kiti kimoja cha kuzunguka, ambacho siku hizi kinazunguka upande mmoja tu, kioo chenye ufa, na benchi la kungojea. Vijana walipomtambua wakainuka wote kumpisha.

"Kaeni, wanangu. Mimi ndiye niliyekuja nyuma." Akajibana kati ya fundi mwashi mwenye vumbi la simenti hadi kwenye kope na mwanafunzi mmoja.

Baba mdogo alijitia hamnazo. Miaka mingi alikuwa ameweka hotuba kifuani, ya kumpasulia mkubwa wa dini atakayeingia kibandani kwake, na sasa mkubwa mwenyewe ameingia bila kuitwa. Zamu ilipofika akamfunga kitambaa shingoni, akakataa kwa makusudi kumwita Baba Askofu.

"Tunyoe vipi, mzee?"

"Hizo zilizobaki zilingane tu, zisigombane."

Benchi likacheka. Hotuba ikakwama. Alipomaliza kumpangusa na kumpaka spiriti, Askofu akashuka kitini, akauchukua ufagio pembeni ya mlango, akaanza kufagia nywele zake.

"Lete huo ufagio, mzee! Hapa kuna mwenyewe!"

"Nywele zangu, nimezimwaga mimi."

"Nimezimwaga mimi, wewe umeketi tu!"

Wakavutana, mmoja kashika mpini, mwingine kashika chelewa, hadi fundi mwashi akasema, "Besi, mwache afagie. Huenda ndiyo kitubio alichopewa." Askofu alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha akamaliza kufagia, na chini ya kiti pia.

Jioni ile baba mdogo alikaa mbele ya chakula bila kula. "Yule mtu amefagia," alisema.

"Mtu gani?" mama mdogo akauliza.

"Askofu. Kafagia mpaka chini ya kiti." Ungedhani anasimulia habari za mtu aliyefufuka.

Tangu hapo alitekwa kabisa. Kila mara Askofu alipokaribia kuja, kitambaa kilifuliwa na kupigwa pasi, wembe ukawa mpya, na mteja aliyeanza kuwasema wakubwa wa dini kwenye kiti chake alikatizwa: "Wewe umeshafagia wapi?" Lakini kanisani hakwenda. Alimpenda Askofu kama mtu anavyompenda mchezaji wa timu asiyoishabikia: anampigia makofi akiwa nyumbani, jezi havai.

Mwishowe uvumilivu ulimshinda. Siku kibanda kilipokuwa kitupu, akauliza, wembe mkononi, "Baba Askofu, mbona hujawahi kuniuliza kama nasali?"

"Mtu mwenye wembe shingoni mwangu simuulizi maswali magumu."

Baba mdogo akauweka wembe chini. Akayatapika yote: kwaya, majina, viatu vilivyolia, mama mdogo na mikoba ya watu. Alisema anataka kumtoa mkewe kwenye lile benchi, ila ndoa inatangazwa kanisani Jumapili tatu, na jina lake lilishasomwa pale mara moja, likamtosha. Na kuna kile kiapo cha goti. Mtaa bado unakikumbuka.

Askofu alisikiliza povu likimkaukia shavuni. "Matangazo naweza kuyaondoa mimi," alisema. "Ndoa naweza kuruhusu ifungwe nyumbani. Wewe, mama, mashahidi wawili, na mimi. Goti usipige, simama. Mimi ndiye nitakayeomba kiti, magoti yangu hayanitii. Niambie lini."

Hapo, ndugu msomaji, kila kizuizi kilikuwa kimeondolewa njiani. Ilibaki neno moja tu, "kesho."

Baba mdogo alirudi nyumbani anang'aa, akasimama katikati ya sebule yetu, akaitazama kwa macho ya Askofu. Akaona ukuta una madoa ya mafuta pale vichwa vinapoegemea. Akaona rangi imebambuka juu ya dirisha. Akaona kochi linaloonyesha spongi. Aibu ikamshika. Akamwambia mama mdogo kwamba Askofu atakuja kunywa chai, lakini kwanza wapake rangi. Ya ndoa hakuyataja. Alitaka kumshtukiza, amwone akishika mdomo kwa furaha, mahali penye heshima.

Wakakwangua ukuta pamoja, yeye na mkewe, kwa msasa. Vumbi jeupe likamjaa mama mdogo kichwani.

"Umezeeka ghafla," baba mdogo akamwambia.

"Nimezeekea kwako," akajibu, na siku hiyo alicheka kweli.

Ukuta ulipong'aa, dari ikaonekana chafu. Dari ilipopakwa, kochi likaumbuka. Kochi lilipobadilishwa, pazia likawa kama tambara. Mimi, niliyekuwa nakaa kwao na ambaye alininong'oneza siri, nilimwambia, "Baba mdogo, mtu mwenyewe anafagia. Rangi ya nini?"

"Nyamaza wewe! Stashahada yenyewe umeiacha nusu, utanifundisha kumaliza?"

"Ndiyo maana dalili nazijua."

Alinirushia kitambaa. Na Askofu kila alipoketi kitini aliuliza, "Imekauka?"

"Bado mkono wa pili, Baba Askofu."

"Mimi hata harufu ya rangi naipenda."

"Hapana, Baba. Wewe si mtu wa kupokelewa hovyo."

Kisha Askofu hakuonekana. Dereva wake akapita kutuambia amelazwa. Baba mdogo akafunga kibanda mchana kweupe, akabeba mashine, spiriti na taulo, akamfuata hospitali, mimi nilimsindikiza. Tulimkuta amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya gauni la wodi. Baba mdogo alimnyoa kwa upole ambao sijawahi kumwona nao. Nywele zilipoanguka juu ya shuka, Askofu alizifagia kwa kiganja.

"Mlete mama," alisema. "Leo hii. Mashahidi ni hawa wauguzi."

Nilimkanyaga baba mdogo mguu. Hakuhisi.

"Hapa, Baba Askofu? Kwenye dripu? Na sebule imeshakamilika, bado pazia tu! Utapona, utakuja, utaketi kwenye kochi jipya."

Askofu alikung'uta nywele kiganjani. "Haya," alisema. "Pazia."

Pazia mama mdogo alilimaliza kwa mkono wake na kulitundika. Asubuhi iliyofuata kengele za kanisa kuu zikalia, na hazikuwa za Misa.

Kwenye mazishi baba mdogo aliingia kanisani kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya viatu, akakaa benchi la mwisho kando ya mkewe. Wakati wa Komunyo mikoba ikaanza kuja. Mama mdogo aliipokea, akaipanga mapajani kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kazi. Ilipomzidi, mwanamke mmoja, bila hata kumtazama usoni, akamwachia baba mdogo mkoba wake mwekundu. Akabaki ameukumbatia hadi mstari ulipokwisha. Kwaya iliimba, na besi yao ilikuwa dhaifu. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka.

Nje, mtawa aliyekuwa akimtunza Askofu akatusogelea. "Ninyi ndio wale wa sebule?"

"Sebule gani, Sista?" mama mdogo akauliza.

"Ya ndoa yenu. Baba aliweka stola nyeupe ya kufungishia ndoa kwenye mfuko mmoja na miwani yake. Alisema akiitwa asihangaike kuitafuta."

Mama mdogo akamgeukia mumewe. Hakuuliza kitu hadi tulipofika nyumbani. Aliketi kwenye kochi jipya bila kuliegemea.

"Alikuambia lini?"

"Kabla ya rangi."

"Kabla ya rangi," alirudia. "Mimi nakwangua ukuta, kumbe Askofu anangoja kuitwa."

"Nilitaka kukushtukiza. Nilitaka uolewe mahali pa heshima."

"Na kule hospitali?"

Baba mdogo ana makosa yake, uongo haumo. Akamweleza na ya hospitali. Mama mdogo alifumba macho.

"Twende kwa paroko," baba mdogo akasema haraka. "Kesho. Asome jina langu kila Jumapili akitaka. Nitapiga goti mbele ya watu wote, wacheke wachoke."

"Baba watoto." Aliongea taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Miaka yote nilimlaumu yule padri. Nimemlaumu hata kwenye sala zangu. Kumbe mlango ulishafunguliwa, aliyeuziba ni wewe, umesimama hapo na brashi mkononi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini padri ataniuliza kama nimekuja kwa hiari yangu, kwa moyo wote. Nitamjibu nini? Leo sina cha kumjibu. Usinihimize. Wewe hukuhimizwa."

Siku hizi baba mdogo anakwenda naye kila Jumapili. Anakaa benchi la mwisho, anapokea mikoba inayomzidi mkewe, na hakuna anayethubutu kumtania. Mara mojamoja, wakiwa njiani kurudi, namsikia anamuuliza kama sasa waende kwa paroko, kwa sauti ndogo, yeye mwenye sauti ile.

"Bado haijakauka," mama mdogo humjibu, na kuongeza mwendo.

Sebule kweli imependeza. Kila anayeingia huisifu. Juzi jirani alikuja kuazima ngazi, akaupapasa ukuta, akauliza rangi hiyo inauzwaje. Mama mdogo alikuwa jikoni, mlango wazi. Baba mdogo aliutazama ukuta, akajibu.

"Ndoo ya lita ishirini, elfu tisini na tano."