Siku Niliyomzibia Njia Baba Mkwe

Katika miaka ya mwanzo ya sabini nilikuwa dereva katika uwanja wa ndege wa Mtwara. Niliendesha trekta dogo la kuvuta mikokoteni ya mizigo, na Landrova ya kukagua njia ya kurukia kabla ndege haijatua, maana mbuzi wa majirani walipenda kulala kwenye lami. Watu wa mjini walidhani kazi yangu ni rahisi: uwanja mpana, hakuna baiskeli, hakuna kona, unakwenda tu. Kumbe ndani ya ule uzio dereva hana uhuru hata kidogo. Ukikaribia ndege unapunguza mwendo hadi mwendo wa mtu anayetembea. Hupiti chini ya bawa. Hurudishi gari kinyumenyume kuelekea ndege bila mtu wa kukuongoza kwa mikono. Magari yetu hayakuwa na redio, kwa hiyo mnara wa kuongozea ndege ulizungumza nasi kwa taa. Ukiwashiwa nyekundu, unasimama hapo hapo. Kijani ikimetameta, unavuka. Na ndege inapishwa na kila kitu, hata gari la wagonjwa.

Hilo la mwisho ndilo lililoniletea mgogoro na baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mtu wa Mikindani, na kazi yake ilikuwa kuendesha gari la wagonjwa la hospitali. Kabla ya hapo aliendesha malori ya mizigo kwenda Masasi, masika na kiangazi, na mjini hapakuwa na dereva asiyempisha. Mimi nilitoka kijijini upande wa Ziwani, kwenye mihogo na mikorosho. Aliponipa binti yake nilijua sikuwa chaguo lake la kwanza. Tuliheshimiana kwa mbali, kama wakwe wanavyopaswa. Sikuwahi kula naye sahani moja, wala kumkazia macho nikizungumza naye.

Asubuhi moja ndege ya abiria ilitua ikitoka Dar es Salaam. Ilikuwa na injini mbili, moja kila bawa. Rubani alizima ya kushoto, upande wenye mlango, akaiacha ya kulia ikiunguruma. Mashine yetu ya kusaidia kuwasha injini ilikuwa mbovu, na kama angezima zote mbili angelala Mtwara. Tena wingu zito lilikuwa linapanda kutoka upande wa Ruvuma, naye alitaka kuondoka kabla mvua haijafika.

Gari la wagonjwa lilifika getini wakati abiria wa mwisho wakishuka kwenye ndege. Ndani alilala mama mjamzito aliyekuwa akitokwa damu na aliyetakiwa kupelekwa Dar es Salaam. Mama yake mzazi alimshika kichwa, na daktari kijana alikaa mbele, karibu na baba mkwe. Kazi yangu ilikuwa kuwaongoza kwa Landrova mpaka kwenye ndege. Nilishuka nikaenda dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Twende, hali ya mgonjwa mbaya."

"Nifuate nyuma, baba. Tutazungukia mkiani, ndipo tuufikie mlango."

"Mkiani? Mbona mbele ndiko karibu?"

"Mbele kuna injini inayozunguka."

Sijui kama alinisikia. Kelele ilikuwa kubwa na daktari alikuwa akimhimiza. Nilirudi kwenye Landrova nikaondoka polepole. Tulipokaribia, nilitazama kiooni nikaona gari la wagonjwa linachepuka. Lilinipita kwa kasi likielekea mbele ya ndege, upande ule ule wa injini iliyokuwa ikifanya kazi.

Panga la injini ya ndege likizunguka kwa kasi halionekani. Unaona kitu kama moshi mwepesi, na nyuma yake unaona miti kama kawaida. Mtu asiyejua huona nafasi tupu ya kupita.

Nilikanyaga mafuta, nikakata mbele yake na kusimamisha Landrova kwa ubavu. Alifunga breki, lakini bampa yake ikaubonyeza mlango wangu. Alishuka kabla sijazima gari.

"Unanizibia njia? Mimi?"

"Rudi nyuma, baba. Panga linazunguka."

"Nina mgonjwa!"

"Nimesema rudi nyuma!"

Mara ile ya pili sikusema baba, na nilimtazama usoni. Wapakiaji wa mizigo walikuwa wamesimama wanatutazama. Baba mkwe alipanda gari lake, akarudi nyuma kidogo, akanifuata mpaka mlangoni kwa kuzungukia mkiani. Mgonjwa alipandishwa kwa machela, na ndege iliondoka matone ya kwanza yakianza kudondoka.

Mama yule alipona. Mtoto hakuishi. Daktari alieleza kwamba muda ule mfupi uliopotea haukubadilisha kitu, lakini maneno kwamba mimi ndiye niliyewachelewesha yalikuwa yamekwisha kuanza Mikindani. Mke wangu alikwenda kuwasalimia wazazi wake, akarudi amenuna. Nilimwuliza kulikoni.

"Baba anasema ulimfokea kama utingo, mbele ya watu."

"Nawe unasemaje?"

"Mimi nasema umeniweka mahali pabaya."

Sikukuu ya Idi nilikwenda kumwamkia. Aliitikia kutoka chumbani, hakutoka. Nilikaa ukumbini na mama mkwe, nikanywa chai, nikaondoka.

Baadaye meneja wa uwanja aliagiza kwamba madereva wote wa nje, wa hospitali, wa polisi na wa mafuta, wafundishwe sheria za uwanjani na kupimwa kabla ya kuruhusiwa kupita getini. Wa kuwafundisha nilikuwa mimi. Nilimwomba amtafute mwingine, akaniuliza yupi, na kweli hakuwapo.

Baba mkwe alikuja amevaa sare ya kaki iliyopigwa pasi, akakaa safu ya mbele. Nilieleza habari za taa, mabawa na mwendo huku nikiwatazama wengine. Ilipofika zamu ya kila mmoja kuendesha Landrova nami nikiwa pembeni yake, alipanda, akarekebisha kioo, akaondoa gari vizuri kuliko wote. Nilimwomba asimame mbali kidogo na ndege iliyokuwa imewashwa injini moja.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Liko wapi hilo panga?"

"Tafuta duara jembamba la njano, baba. Ni rangi iliyopakwa kwenye ncha zake."

Aliinama juu ya usukani, akakunja macho. Kisha nikaona mkono wake umeacha kuchezea gia.

"Siku ile sikuliona," alisema.

"Najua."

"Ningepita pale pale. Na yule mama ndani."

"Ndiyo, baba."

Tuliendelea hadi kwenye kivuko cha njia ya kurukia. Mnara ukatuwashia nyekundu, naye akasimama kabla sijasema. Tulikaa tukingoja, kioo cha mbele kikijaa vumbi. Kijani ilipometameta alivuka taratibu. Niliandika kwamba amefaulu, kama nilivyoandika kwa wenzake waliostahili.

Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Lakini wiki ile mke wangu alirudi kutoka kwao na samaki wawili wakubwa.

"Baba anauliza mbona huonekani," alisema.

Nilikwenda Ijumaa baada ya swala. Safari hii alitoka, akaketi nami barazani. Alinisimulia jinsi gari lake lilivyozama mchangani njia ya Msimbati, ndani mna mtu aliyeumwa na nyoka, na jinsi wanakijiji walivyolinyanyua kwa mabega mpaka likatoka. Nilimwuliza kama mgonjwa alifika. Alisema alifika, na kwamba mpaka leo mtu yule anamdai kiatu chake kimoja kilichobaki mchangani. Mama mkwe alicheka ndani. Chai ilipokwisha niliaga, lakini baba mkwe akaniambia nikae kidogo, jua lipungue.