Chupa Ambayo Sikuiosha

Mimi si mwongo, na nilimwambia hivyo mhadhiri wangu usoni, mbele ya darasa zima la mwaka wa tatu. Yeye alitaka niinamishe kichwa. Alinikosa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulipewa kemikali ambayo naitrojeni yake imekaa pembeni kama mkia, tukatakiwa kuukunja mkia huo ujishike na mwili, itokee pete ya pembe tano. Pete za aina hiyo zimo katika dawa nyingi za hospitali, ila hazijifungi zenyewe. Zinataka puto la haidrojeni na kichocheo, unga mweusi wa paladiamu. Metali hiyo huwaunganisha wengine, yenyewe ikabaki kama ilivyokuja. Chuo kilikuwa na kichupa chake kimoja tu, msaada wa wafadhili, na ufunguo wa kabati alikaa nao mhadhiri.

Siku ya kwanza nilitia metali, pete ikafunga. Siku ya pili nilitakiwa kurudia bila metali, nionyeshe kwamba bila hiyo hakuna kitu. Pete ikafunga tena. Niliandika nilichokiona.

“Bila metali haifungi, binti,” mhadhiri alisema. “Umemimina mazao ya jana ukayaita ya leo.” Akaifungia chupa yangu kabatini iwe ushahidi, akanirudisha nyumbani wiki mbili, nisubiri kamati iamue kama nifukuzwe.

Nilifika kwetu Bariadi nimefura kwa hasira. Miaka hiyo soko la pamba lilikuwa limeachiwa huria, na wanunuzi binafsi walizoa safi na chafu kwa pamoja. Baba bado aliichambua yake, daraja la kwanza huku, la pili kule, na majirani wakimcheka. Nilimweleza yaliyonipata, mikono yake haikusimama.

“Kama hukudanganya, rudi ukabishane nao,” alisema. “Kama ulidanganya, kaa hapa. Pamba ipo.”

Siku ya tano wifi yangu, mke mpya wa kaka, mtoto wa mjini, alitaka kumfurahisha mama. Akachukua kibuyu cha maziwa, akakisugua ndani kwa sabuni na maji ya moto. Mama alipokiona alipiga ukelele.

“Mayu, kilikuwa kinanuka,” wifi alijitetea, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Si kinuke! Sasa maziwa yatagandishwa na nini?”

Kwetu kibuyu hakioshwi hivyo. Unamimina mgando, unakisuuza kwa maziwa kidogo, unatia maziwa mapya. Masazo yaliyong'ang'ania ndani ndiyo yanayoyagandisha ya leo.

Nilicheka mpaka wifi akadhani namcheka yeye. Nilikuwa nimeiona mikono yangu kule maabara: nimemimina, nimeisuuza chupa ile ile ya jana kwa spiriti kidogo, nimeridhika. Weusi uliobaki chini niliuona, nikauchukulia kuwa weusi wa chombo kilichozoea kazi. Basi kosa lilikuwa langu, na nilikuwa tayari kulibeba. Uongo sikuwa nao.

Mbele ya kamati niliomba chupa mbili, ile iliyofungiwa na nyingine mpya. “Daktari atie mwenyewe,” nilisema, nikimwonyesha mhadhiri. “Mimi sigusi.” Kwanza tuliisuuza chupa yangu kwa spiriti, tukapima tone la mwisho kwa dawa inayogeuka zambarau ikikutana na pete. Halikugeuka, kwa hiyo mazao ya zamani hayakuwemo. Kisha akatia kemikali kote kuwili, bila metali, akafunga maputo, tukasubiri hadi mchana. Tone la chupa mpya likabaki jeupe kama maji. La chupa yangu likawa zambarau iliyokolea.

Kamati ikanirudishia nafasi yangu. Mhadhiri akaweka sharti: niandike kwenye ripoti kwamba chanzo ni uchafu wa mwanafunzi.

“Kosa langu nitaliandika lote,” nilimjibu. “Neno hilo siliandiki, Daktari. Nilifundishwa kazi na mama yangu, na mama yangu si mchafu.”

Niliandika kwamba chombo hakikuoshwa, na kwamba metali iliyobaki ndani ilifunga pete mara ya pili bila kuongezwa, hivyo ile ya kabatini ingeweza kutufaa muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Alinikata alama. Muhula uliofuata alibandika tangazo kwenye mlango wa maabara, kwa mwandiko wake mwenyewe: chupa zilizotumika kwa paladiamu ni marufuku kuoshwa.