Fundi Anatafuta Kundi la Kudumu

Fundi cherehani ninayegawana naye chumba cha kazi ana mdomo mchafu, na mimi fundi viatu nausikia kutwa. Anatafuta kundi la kudumu mtandaoni, la ule mchezo wa kurusha kete na kuigiza mashujaa huku kiongozi akisimulia hadithi. Kila kundi aliloingia lilikufa changa: huyu anaumwa, yule kasafiri, mara mchezo umesogezwa.

"Wababaishaji!" hufoka, akikanyaga cherehani kama anaua nyoka.

Jana mchana alipata kundi jipya. Aliweka simu mezani, spika wazi, nikasikia kila kitu. Kiongozi, mwanamke mwenye sauti ya upole, akaomba radhi: leo hawachezi, waje wiki ijayo.

Fundi akalipuka. "Wiki ijayo, wiki ijayo! Mtu mzima huna msimamo! Ahadi ni deni, dada, au kwenu hamkufundishwa?"

Yule mwanamke akasema, "Sauti hiyo naijua. Wewe si fundi wa nyuma ya posta?"

"Ndiye mimi. Kwani vipi?"

"Gauni langu la harusi uliniambia nilifuate kesho. Nikaja, ukasema keshokutwa. Niliolewa na gauni la kuazima, fundi. Mwanangu sasa anatembea."

Nikaacha nyundo nimsikie akiomba msamaha, walau mara moja maishani mwake.

"Sasa makelele ya nini?" akamjibu. "Limebaki pindo tu. Njoo kesho."