Uso Mzima wa Kaka Yangu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mimi ndiye niliyembandika jina la Mama Vipande. Lilikuwa la utani tu, mawifi ndivyo tulivyo. Alinunua kwa mchuuzi lenzi ndogo za kubana kwenye simu, bei chee. Moja inavimbisha sura kama puto, nyingine inapanua chumba. Hizo alizitupa kwenye kopo la vifungo. Iliyomtia wazimu ni ile ya kukuza. Unaisogeza mpaka karibu iguse kitu, unabana pumzi mkono usitikisike, na uzi wa jinzi unatoka mnene kama kamba ya kisima.

Kaka yangu hakupenda kupigwa picha. Alikuwa na kovu la moto shavuni tangu utotoni, akiona simu imeinuliwa anatoka chumbani. Ila lenzi ile aliikubali, maana uso hauenei humo. "Chukua vipande," alimwambia mkewe, "mzima sikupi." Basi akawa anapiga: kope, ukucha wenye ufa, mvi moja ndevuni. Nikiwakuta nasema, jamani nyie, huyo ni mume au kitambaa? Walicheka mpaka picha ikaharibika.

Homa ikamchukua kaka ghafla. Watu wa msibani wakaomba picha yake ya kuweka sebuleni, tukapekua simu yote. Kope. Ukucha. Sikio. Kwenye kitambulisho sura ilishafutika, limebaki doa. Nilimkasirikia wifi, sifichi. Miaka yote ile simu iko mkononi!

Baada ya hapo nyumba yao ikaanza kunitisha. Alichapisha vile vipande, akavitandaza kwenye meza ya kukatia nguo, akawa anavipanga: jicho juu, ndevu chini. Havikai. Kope moja ilikuwa kubwa kuliko sikio. Nilikuwa nikiingia naliona jicho la kaka limelala peke yake mezani linanitazama. Yeye anasogeza tu.

"Wifi, uso wake unanitoka," aliniambia. "Naogopa nitaamka siku moja sina kitu."

Mimi na kaka, watu walisema, tulifanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa hiyo mchana mmoja akanivalisha shati lake, akanifunga nywele, akaniketisha dirishani. Akaitoa lenzi kwenye simu. Kuvaa shati la marehemu si mchezo, nilitaka kukimbia. Lakini nilimwonea huruma, nikakaa, akanipiga uso mzima.

Akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Siye."

"Najua siye. Hata hatufanani?"

"Hapana. Nyusi zake zilishuka huku pembeni. Akicheka, mdomo ulipanda upande mmoja. Na kidevu kilikuwa na kishimo, halafu hakikukaa katikati." Alikuwa amefumba macho, anachora hewani kwa kidole, na sauti imechangamka. "Namwona, wifi. Namwona mzima."

Nikafumba macho na mimi nimwone. Kile kishimo sikikumbuki. Ule mdomo siukumbuki. Nimezaliwa naye tumbo moja, nimekaa ndani ya shati lake, nilitafuta nikakuta giza tu.

"Endelea, wifi," nikamwambia. "Usinyamaze. Niambie na macho yalikuwaje."